Mahindi kwenye bia ya kimea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya huja kila baada ya mavuno, bei ya gunia inaposhuka Mlowo na Makambako huku kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, kikibaki kuwa kitu cha kuagiza kutoka mbali. Wengi wanaouliza wameshaona komoni, pombe yetu ya kienyeji, ikipikwa nyumbani na sasa wanataka bia angavu, yenye povu na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Ukikuta namba ya swali jingine ndani ya jibu, maelezo yako huko. Yote haya ni ya watu wazima, miaka 18 na kuendelea.

## Mambo ya mwanzo

1. Bia si ya shayiri? Mahindi yanaingiaje?

Kinachogeuka pombe ni sukari, na sukari ya bia hutoka kwenye wanga. Punje kavu ya hindi ina wanga unaokaribia asilimia 70 ya uzito wake, kwa hiyo kwa upande huo haina upungufu wowote. Unachofanya ni kupunguza sehemu ya kimea, tuseme kilo moja katika kilo nne, na mahali pake unaweka mahindi. Kimea kilichobaki hubeba kazi mbili: kinatoa wanga wake, na vimeng'enya vyake vinakata wanga wa mahindi kuwa sukari.

2. Basi si nitumie mahindi matupu, niachane na kimea?

Hapana. Mahindi makavu yana wanga lakini hayana vimeng'enya vya kuukata. Ukiyachemsha peke yake unapata uji, na ukiuacha uji huo ukae utachacha kwa vijidudu vya hewani, lakini bia hutaipata.

Kimea kinaleta na vitu vingine viwili ambavyo watu huvisahau. Cha kwanza ni chakula cha hamira: haiishi kwa sukari peke yake, inahitaji protini zilizokatwa vipande vidogo, na mahindi huchangia kidogo sana. Cha pili ni maganda ya shayiri. Hayo ndiyo chujio lako wakati wa kukamua, na usipokuwa nayo utakutana na shida ya swali la 14.

3. Ladha itabadilikaje?

Bia inakuwa nyepesi mdomoni, rangi inafifia kuelekea manjano ya majani makavu, na inamalizika kavu zaidi, yaani haiachi utamu mzito ulimini. Ladha ya mahindi yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Kwenye robo ya mahindi wengi hawaigundui mpaka waambiwe. Ukipenda bia nzito, nyeusi, yenye harufu ya mkate, mahindi hayatakusaidia.

4. Si ndiyo komoni hiyo mnaipa jina jipya?

Komoni ina mahindi na kimea cha ulezi, na akina mama wanaoipika Mbeya na Iringa wanajua mambo ya kimea kuliko vijana wengi wenye vipimajoto. Tofauti iko kwenye mwisho wa safari. Komoni hunywewa ikiwa bado inachemka kwa kuchacha, ina chembe za unga ndani, ina uchachu wa bakteria na haina hopsi. Inadumu siku moja mbili. Bia tunayoizungumzia huchujwa, huchemshwa na hopsi, huchachushwa kwa hamira iliyochaguliwa na hukaa kwenye chupa wiki nyingi.

Ila hatua ngumu kuliko zote, ya kugeuza wanga wa mahindi, ni ileile ya togwa. Aliyewahi kupika togwa ameshaiona: uji mzito unapoa kidogo, unatiwa kimea, na ndani ya dakika chache unalegea na kuwa mtamu bila kijiko cha sukari. Swali la 10 na la 11 ni togwa iliyopimwa kwa kipimajoto.

5. Kutumia mahindi si kuichakachua bia?

Hoja hii hutegemea amri ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaka bia iwe ya shayiri, hopsi na maji tu. Ni amri nzuri kwa Bavaria. Wajerumani waliohamia Marekani karne ya 19 walikuta shayiri ya kule ina protini nyingi, bia inatoka na ukungu, wakaanza kuchanganya mahindi na mchele ili iwe angavu. Bia nyepesi za Marekani zimejengwa juu ya msingi huo mpaka leo.

Kuchakachua ni kumuuzia mtu kitu ukamwambia ni kingine. Ukiandika kwenye lebo kwamba mna mahindi, hujamdanganya mtu. Binafsi naona haya kidogo mtu wa mkoa unaolisha nchi mahindi anapoyaonea aibu kwenye glasi.

## Mahindi yenyewe

6. Dona, sembe au chenga?

Chenga, na ziwe za mahindi yaliyokobolewa. Sababu ni mafuta. Hindi zima lina mafuta kama asilimia 4 hadi 5, na mengi yamekaa kwenye kiini. Mafuta hayo yanaua povu, na yakikaa yanachacha na kuipa bia harufu ya karanga zilizovunda. Mashine ya kukoboa huondoa ganda pamoja na sehemu kubwa ya kiini, vyote vinaenda na pumba. Dona lina kila kitu ndani; ni zuri kwa ugali wa mtoto, baya kwa bia.

Sembe ni sawa kwa upande wa mafuta, ila ni laini mno: linashikana madonge kwenye sufuria na linaziba chujio. Mwambie fundi wa mashine akoboe, kisha ayavunje kwa chekeche kubwa ili yatoke kama chenga za mchele. Chekecha nyumbani, unga wa chini upike uji. Epuka sembe la mahindi yaliyolowekwa siku kadhaa kabla ya kusagwa. Uchachu wake unaingia kwenye bia.

7. Meupe au ya njano? Mbegu ipi?

Mahindi meupe tuliyonayo yanafaa kabisa. Ya njano nayo yanafaa, na tofauti kwenye rangi ya bia ni ndogo. Wazee wanaokumbuka unga wa njano wa miaka ya njaa, ule ulioitwa "Yanga", watakunja uso ukiwatajia, lakini hapo ni kumbukumbu inayosema.

Kuhusu mbegu, UH 6303 ya Uyole au chotara nyingine za ukanda wetu, zote zina wanga wa kutosha. Ukavu na usafi wa punje una uzito mkubwa kuliko jina la mbegu. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, ukiuma punje ivunjike kwa mlio, isikandamike.

8. Nina mahindi yaliyoota ukungu kidogo, hayaliki. Si niyapikie bia tu?

Usifanye hivyo. Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote.

Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, haifi kwa kuchemsha, na hamira haiimalizi. Sehemu yake inavuka mpaka kwenye glasi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi ya chakula cha kawaida. Huku kwetu kwenye baridi kuna nyingine inayopenda mahindi yaliyolowa shambani, inaitwa fumonisini, na yenyewe huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo bia ni njia rahisi ya kuinywa. Viwango vya Afrika Mashariki kwa punje za mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na miligramu 2 za fumonisini kwa kilo. Kwa macho hupimi viwango hivyo.

Kama hayo hayatoshi, kuna Chitima. Januari 2015, katika mji huo wa jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi uliofuata ulionyesha ilipikwa kwa unga wa mahindi uliokuwa umelowa, ukaota bakteria anayeitwa Burkholderia gladioli, ambaye hutengeneza sumu isiyokufa kwa moto. Unga ambao hungeusongea ugali usiupikie pombe.

Kwa hiyo chambua kwa mkono kwenye ungo: toa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa, kisha koboa, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Pumba za mahindi mabovu usimpe ng'ombe wa maziwa, sumu itapita mpaka kwenye maziwa. Wadudu wachache bila ukungu si tatizo hilohilo; pepeta, chambua, endelea. Mahindi yaliyopigwa dawa ya kuhifadhia yaoshwe na yaanikwe, na muda ulioandikwa kwenye paketi ya dawa uwe umepita. Aliyehifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa hana haja ya dawa.

9. Niweke mahindi kiasi gani?

Anza na asilimia 20 hadi 25 ya nafaka yote. Kimea cheupe cha kawaida hakitaona uzito. Asilimia 30 bado ni salama. Kufikia 40 unahitaji kimea chenye nguvu ya vimeng'enya, na hapo hamira huanza kulalamika: kuchacha kunakuwa kwa taratibu, harufu ya yai bovu inajitokeza, kwa sababu ya ule upungufu wa chakula uliotajwa kwenye swali la 2.

Vimea vyeusi au vilivyokaangwa havihesabiki hapa. Moto wa kukaanga umeshaua vimeng'enya vyao, kwa hiyo ukiwa na nusu kilo ya kimea cheusi na kilo moja ya mahindi, mzigo wote unabebwa na kimea cheupe peke yake.

## Jikoni

10. Kwa nini mahindi yapikwe kwanza? Siwezi kuyachanganya na kimea moja kwa moja?

Wanga umefungwa ndani ya chembe ngumu, na vimeng'enya haviwezi kuuingilia mpaka chembe hizo zivimbe na kupasuka kwenye maji ya moto. Za mahindi huanza kulegea karibu nyuzi 62 na hazimaliziki mpaka kama 74. Kimeng'enya kinachotoa sukari nyingi ya bia hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65, na ukivuka 70 kinakufa haraka. Joto linalofungua mahindi ndilo linaloua mfanyakazi wako, ndiyo maana kuna sufuria mbili.

Watu wa huku huuliza kama mwinuko unaharibu hesabu. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Njombe yanachemka kwa joto la chini ya hapo kidogo. Bado ni juu sana ya 74, kwa hiyo mahindi yanaiva, ila yape muda zaidi, dakika 30 badala ya 20. Mwinuko unaleta kazi zaidi kwenye hopsi, swali la 15.

11. Nipe mfano wa lita 20, kutoka mwanzo mpaka chupa.

Chukua kilo 3 za kimea cheupe cha shayiri kilichovunjwa, na kilo 1 ya chenga za mahindi. Kutoka kwenye kimea tenga gramu 300.

Sufuria ya kwanza ni ya mahindi. Tia lita 4 za maji, chenga zote na zile gramu 300 za kimea. Washa moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka nyuzi 70, kisha punguza moto na ushikilie hapo dakika 15 hadi 20. Mwanzoni mwiko utakaba, utadhani unasonga ugali. Halafu, bila kuongeza hata tone la maji, uji unaachia: mwiko unapita mwepesi, juu kunang'aa, na ukionja ni mtamu. Hapo ongeza moto mpaka uchemke, uache utokote dakika 30. Kwangua chini muda wote, kwa sababu ukiungua harufu ya ukoko inakwenda moja kwa moja kwenye bia na haitoki.

Wakati uji unatokota, andaa sufuria ya pili. Pasha lita 8 za maji mpaka nyuzi 57, mimina kimea kilichobaki, kilo 2.7, koroga. Joto litatulia karibu nyuzi 52. Uji ukishaiva umimine humo kidogo kidogo huku ukikoroga. Hesabu inakuja vizuri: kwa vipimo hivi, uji wa nyuzi 94 ukikutana na kimea cha nyuzi 52 unatua kwenye 64 au 65, palepale unapotaka. Ukipungua, pasha polepole. Usimimine wote kwa mkupuo. Pale unapoangukia pataungua na vimeng'enya vya hapo vitakufa.

Funika kwa blanketi, uache saa moja. Pima wanga (swali la 13), pandisha mpaka nyuzi 72 kwa dakika 10, kisha chuja. Suuza machicha kwa lita 15 au 16 za maji ya nyuzi 75 mpaka upate lita kama 24 za maji matamu. Chemsha dakika 90 na hopsi, poza upesi, mimina kwenye ndoo safi yenye mfuniko, tia hamira. Haidromita, kipimo kinachoelea cha kupimia sukari iliyomo kwenye maji, isome karibu 1.045, ikimaliza isome 1.008 hadi 1.010, ambayo ni kilevi cha asilimia 5 kasoro kidogo.

Kwenye chupa weka gramu 6 za sukari kwa lita, tena baada ya haidromita kusoma namba ileile siku tatu mfululizo. Chupa ziwe za bia, za kioo kizito. Bia iliyofungwa kabla haijamaliza kuchacha hupasua chupa, na vipande vya kioo huruka kwa nguvu.

12. Sina kipimajoto. Wazee walipikaje?

Walipika kwa mkono na jicho, na walipika vizuri, kwa sababu komoni na togwa zinavumilia. Ukikosea nyuzi tano togwa inabaki togwa. Bia ya swali la 11 haivumilii hivyo. Nyuzi tano juu zinakupa bia tamu, nzito, isiyomaliza kuchacha. Nunua kipimajoto. Ni kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya ndoo nzuri na kabla ya lebo.

13. Nitajuaje wanga wote umegeuka?

Nenda duka la dawa ununue tinkcha ya aidini. Chota kijiko cha maji ya juu bila makapi, weka kwenye sahani nyeupe, kikipoa dondosha tone moja. Likibaki na rangi yake ya kahawia, wanga umekwisha. Likigeuka bluu au jeusi, subiri dakika 15 na upime tena. Kilicho kwenye sahani mwaga, usirudishe sufuriani.

14. Imeganda, haichujiki. Nifanye nini?

Acha kukandamiza. Kadiri unavyobonyeza ndivyo chujio linavyozidi kufunga. Koroga upya, ongeza maji ya nyuzi 75, subiri dakika 10 makapi yatulie, kisha fungua taratibu sana, maji yatoke kama uzi.

Safari ijayo ongeza maganda ya mpunga, kama gramu 150 kwa vipimo vya swali la 11. Hapa tuna bahati: kuanzia Igurusi mpaka Kyela mashine za mpunga zina milima yake, na mara nyingi watakupa bure uwapunguzie uchafu. Yaoshe mpaka maji yatoke meupe, yachemshe dakika chache, changanya na kimea. Hayana ladha wala sukari. Kazi yake ni kuacha nafasi maji yapite.

15. Hopsi kiasi gani, na kwa nini dakika 90?

Kwa bia nyepesi ya lita 20, gramu 25 za hopsi zenye asidi alfa (ndiyo inayoleta uchungu) asilimia 8, zikitiwa dakika 60 kabla ya kuzima, zinatosha. Maji yetu yanayochemka nyuzi 94 yanatoa uchungu pungufu kidogo kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo ukifuata kipimo cha mtu wa pwani ongeza kidogo. Dakika 90 ni kwa ajili ya harufu; sababu iko kwenye swali la 20.

16. Hamira ya mandazi inafaa?

Inachachusha, lakini inaacha ladha ya unga na haitulii chini, bia inabaki na ukungu. Tafuta hamira ya bia.

Hapa baridi yetu inageuka mali. Hamira ya laga, bia inayochachishwa kwenye baridi, inataka nyuzi 9 hadi 13, joto ambalo mtu wa pwani hulipata kwa kulipia umeme wa friji. Mbeya, Njombe na Makete mwezi Juni na Julai chumba cha upande wa kivuli hukupa hilo bila senti. Kumbuka ndoo inayochacha hujipasha yenyewe nyuzi kadhaa, kwa hiyo bandika kipimajoto kwenye ndoo, si ukutani. Kuanzia Oktoba, au ukiwa Kyela wakati wowote, tumia hamira ya eli, bia inayochachia kwenye joto zaidi, ya nyuzi 18 hadi 22.

## Mambo ya pembeni

17. Kimea cha shayiri kimenishinda bei. Cha ulezi kinaweza kushika nafasi yake?

Kinaweza kukata wanga, na kinaukata vizuri. Togwa ni ushahidi. Tatizo lake ni umbo: punje ndogo, haina ganda la kuchujia, kwa hiyo maganda ya mpunga yanakuwa lazima. Rangi inaelekea wekundu na kuna uchungu kidogo wa ganda. Njia ya kati ni shayiri nusu, ulezi robo, mahindi robo. Inatoka bia yenye sura yake, si nakala ya bia ya dukani, na mimi naipenda zaidi.

18. Nikiotesha mahindi yenyewe nikapata kimea cha mahindi?

Utapata kimea dhaifu. Kimeng'enya kile kinachotoa sukari nyingi ni kichache mno kwenye mahindi yaliyooteshwa. Juu ya hapo, punje kubwa yenye unyevu kwa siku nne tano ni shamba la ukungu. Rudi swali la 8. Kitumie kama nyongeza ya ladha, usikitegemee.

19. Ugali uliolala? Bisi? Mahindi mabichi?

Ugali umeshapikwa, kwa hiyo ukiuvunja na kuupasha kwenye maji mengi utageuka sukari, ila wanga uliopoa hujifunga upya na lazima uuchemshe tena. Na kama ulipikwa kwa dona, mafuta yako palepale. Ni njia ya mwanafunzi aliyekwama.

Bisi zinafanya kazi vizuri kuliko inavyosikika: moto umeshapasua wanga, zinaingia kwenye sufuria ya kimea bila kupikwa. Ziwe zimerushwa bila mafuta wala chumvi. Kilo moja ya bisi itajaza ndoo zako zote, jiandae. Mahindi mabichi choma ule.

20. Bia yangu inanuka mahindi ya kuchemsha. Nimezidisha mahindi?

Karibu kila mara mahindi yanasingiziwa. Harufu hiyo hutoka kwenye kimea cheupe cha shayiri: kina kitu ambacho kikipata moto hutoa gesi yenye salfa, na gesi hiyo ndiyo inayonuka hivyo. Hata bia ya shayiri tupu huipata. Dawa ni kuchemsha bila mfuniko ili gesi itoke, kuchemsha kwa nguvu, na kupoza haraka. Kwenye mwinuko wetu, ambapo mchemko una joto pungufu, kitu hicho huvunjika polepole, ndiyo maana tunakwenda dakika 90.

21. Haina povu, inakatika kama soda.

Kwanza shuku mafuta: ulitumia dona au chenga zisizokobolewa (swali la 6). Pili shuku glasi. Glasi iliyooshwa na sabuni isiyosuuzwa vizuri inaua povu la bia yoyote. Kama vyote viko sawa, punguza mahindi kwa sehemu moja katika tano, maana protini za povu hutoka kwenye kimea.

22. Mahindi hayana gluteni, ile protini ya ngano na shayiri. Mgonjwa wa gluteni anaweza kunywa bia hii?

Hapana. Shayiri imo, na gluteni yake imo.

23. Machicha niyafanyeje?

Ng'ombe na nguruwe watayamaliza. Rungwe na Njombe wafugaji wa maziwa huyagombea. Yatoke siku hiyohiyo au kesho yake. Yakikaa ndoo imefungwa kwenye jua yanaota ukungu, na hapo ni ya kufukia, si ya kulisha.

24. Naweza kuuza?

Si kwa kufungua mlango tu. Kuuza kilevi kunahitaji leseni kutoka halmashauri, kutengeneza kwa biashara kunakuingiza kwenye ushuru wa bidhaa wa TRA, na TBS ndiyo inayothibitisha ubora, kwa kuwa tangu 2019 shughuli za usalama wa chakula zipo kwake. Ofisi za SIDO mikoani ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Kuna jambo moja huwapotosha wengi. Ushuru una kundi la bia inayotengenezwa kwa nafaka ya hapa nchini ambayo haijaoteshwa, mfano wake Kibuku. Mtu anasikia hivyo, anaangalia mahindi yake ambayo hayajaoteshwa, anajiweka humo. Lakini robo tatu ya nafaka yako ni kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, na mara nyingi imetoka nje. Muulize ofisa wa TRA kundi lako kwa maandishi kabla hujapanga bei ya chupa.

25. Bia ikiniharibikia, si niigereke nipate gongo?

Kugereka gongo nyumbani ni kosa kisheria. Bia iliyoharibika mwaga kwenye shimo la mbolea. Migomba haiulizi ladha.